Kopo Nyuma ya Goli la Kaskazini

Sehemu ya Nane

Kama gazeti la Jumapili iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nakukumbusha kwa kifupi. Mimi ni Kristina, nina miaka ishirini na mitatu, na ninaishi chini ya jukwaa la uwanja wa mpira, Pongwe. Babu yangu Zebedayo aliutunza uwanja huu wa timu ya Brashi miaka thelathini na mmoja, tukamzika mwezi wa tatu. Hosea, kipa wetu na baba wa mwanangu Precious, alihamia timu ya Kilele ya Moshi mtoto akiwa na miezi minne, na simu yake ikanyamaza. Klabu ikaniachia chumba cha babu mpaka msimu uishe.

Niliishia Jumatatu ile. Tulikuwa tumefungwa mechi tano mfululizo nyumbani kwetu. Viongozi wakaleta fundi, na sisemi fundi wa bomba. Akachimba nyuma ya goli la kaskazini, akatoa kopo. Nami dirishani kwangu nikalitambua.

Leo nasema lilikuwa la nani.

Lilikuwa langu.

Ni kopo dogo la mafuta ya mgando, nililifunga kwa kipande cha kanga yangu ya njano. Ndani yake nilikiweka kitovu cha mwanangu kilipodondoka siku ya nane, na kile kibanio cha plastiki cha zahanati, cha bluu, bado kimekibana.

Kitovu cha mtu hakitupwi jalalani. Huzikwa kwao. Sasa kwetu ni wapi? Sisi ni Wabena wa Njombe, lakini Njombe sijaiona hata kwenye picha. Baba yake babu aliletwa na lori kuja kukata mkonge, na namba shingoni. Kwenye kitabu cha historia cha masomo yangu ya jioni watu hao wamepewa aya moja. Nimeisoma mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote.

Hosea ndiye aliyesema, "Tukizike hapa golini. Si nasimama hapa kila wiki? Nitakilinda."

Alichimba yeye. Mimi nilishika mtoto. Hakuna mtu wa tatu aliyejua.

Basi hilo ndilo kopo walilolitoa Jumatatu, na watu ishirini wakarudi nyuma kama wameona nyoka.

"Msilifungue," fundi akasema. "Lifungiwe kabatini mpaka Alhamisi, lifunguliwe mbele ya wanachama wote. Huu ni mkono wa mwanamke. Tena umevuka maji."

Umevuka maji. Kila mtu akageuka kutazama langoni.

Langoni alikuwa amekaa Bi Mwatima na karai lake la mihogo ya kukaanga. Alikuja kutoka Wete, Pemba, na marehemu mumewe, na mwaka huu ni wa kumi na moja anauza mihogo hapo.

Naomba nikwambie Bi Mwatima ni nani kwangu, ili ujue ukubwa wa dhambi yangu.

Siku sita za wiki uwanja huu una watu wawili, mimi na mtoto. Ukikohoa, jukwaa la upande wa pili linakohoa pia. Mvua ikipiga bati, Precious hupiga makofi, anadhani watu wamekuja. Halafu siku ya mechi wanakuja watu elfu mbili, wanakaa juu ya kichwa changu, wanapiga miguu mpaka vumbi linaingia kwenye sufuria ya uji. Hakuna anayenijua jina. "Mama Uwanja, choo kiko wapi?" Basi, hayo ndiyo mazungumzo yangu ya wiki.

Ila Bi Mwatima. Yeye huniita mwanangu. Siku za darasa, Jumanne na Alhamisi, humpakata Precious pale pale langoni mpaka nirudi. Hajawahi kuniuliza baba wa mtoto yuko wapi. Huniuliza, "Leo wamekusomesha nini?" na nikimwambia, husikiliza kweli.

Huyo ndiye waliyemzunguka Jumatatu.

"Kumbe ule mhogo ulikuwa na mambo yake," mmoja akasema.

"Mhogo wangu mmeula miaka kumi na moja, hamjafa," Bi Mwatima akajibu. "Mmefungwa mara tano ndio umekuwa sumu?"

"Pemba kwenu tunakujua, mama."

"Mnakujua kwa nani? Wewe hata Muheza unafika kwa kusindikizwa."

Wengine wakacheka. Lakini mwenyekiti wetu, Tahiri, hakucheka. Alisema, "Ondoka, Bi Mwatima. Alhamisi uje ujieleze. Mwenye mkono kwenye jambo hili atatoka hapa na virago vyake, na harudi, awe nani awe nani."

Mtu akaisukuma meza yake kwa mguu. Karai likapinduka.

Nilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa linanitoa kwenye chumba. Bi Mwatima akaokota mwiko wake, akakung'uta mchanga, akatazama dirishani kwangu.

Nikashusha pazia.

Siombi unihurumie. Naeleza tu jinsi nilivyofanya.

Jumanne sikwenda darasani, hakukuwa na wa kunishikia mtoto. Jumatano sikuongea na mtu mzima tangu kupambazuka mpaka kulala. Nilifagia jukwaa la magharibi ambalo lilikuwa safi tayari. Precious alitembea mpaka langoni, akakaa chini mahali ilipokuwa meza, akanitazama kama mimi ndiye niliyeificha. Na kweli ni mimi.

Nilimwambia Mungu, nifungulie mlango mwingine, huu wa kusema ukweli ni mwembamba. Sikujibiwa. Nilivyolelewa na babu, usipojibiwa maana yake jibu unalo.

Alhamisi baada ya sala ya alasiri wanachama wakajaa.

Kwanza nikueleze wanavyokaa, maana mgeni hawezi kujua. Brashi ilizaliwa kwenye kiwanda cha mkonge, kile chumba cha brashi ambamo singa, zile nyuzi za mkonge, zilisuguliwa mpaka zikang'aa. Mabati ya jukwaa letu ni ya kiwanda hicho. Waya zinazozunguka uwanja ndizo zilizoanikiwa singa. King'ora cha mapumziko ndicho kilichowaita babu zetu kazini. Shamba lilifungwa mimi sijazaliwa, lakini mpaka leo mjukuu wa mkataji hukaa mashariki, wa brashi magharibi, na wa ofisini hukaa mbele, palipo na kivuli. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Jaribu kukaa siko uone utakavyotazamwa.

Bi Mwatima hakuwa na upande. Alisimama kwenye majani, peke yake, mtandio umefungwa vizuri kama anakwenda harusini.

Tahiri akaliweka kopo juu ya meza. Fundi akakaa pembeni yake, amefumba macho.

"Bi Mwatima," Tahiri akaanza, "kopo hili unalijua?"

"Silijui."

"Nani analijua?"

Bi Mwatima akanyamaza. Nilidhani anatafuta maneno. Ungeona uso wake ungedhani hivyo hivyo.

"Unamficha nani?"

"Mie sijasema namficha mtu, baba."

"Basi kama huna la kusema, wanachama, naona jambo limekwisha."

Miguu yangu ikashuka ngazi kabla sijaiamuru. Precious alikuwa mgongoni. Nikafika kwenye majani, nikasimama karibu na Bi Mwatima, si karibu sana, sikustahili.

"Shikamooni," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa shule. "Kopo ni langu."

Mashariki yote ikaanza kuongea kwa pamoja.

"Mama Uwanja?"

"Huyu tunayempa chumba?"

"Si niliwaambia, anasoma soma jioni. Anasomea nini?"

Tahiri akapiga meza. "Nyamazeni. Mama Precious, ndani mna nini?"

"Kitovu cha mwanangu. Sina pengine pa kukizika. Nilikizika hapa mwaka jana kabla ya mfungo, babu akiwa hai, ila hata babu sikumwambia. Bi Mwatima hajui lolote. Niliwaona mkimpindulia meza yake na sikusema. Hapo ndipo nilipokosa."

Sikumwangalia Bi Mwatima. Nilisikia tu anavuta pumzi.

"Umezika kitovu cha mtoto wa kike golini kwetu," mzee mmoja wa mbele akasema, "halafu tunashangaa goli liko wazi."

Watu wakacheka, kicheko kile kibaya. Nikajua virago vyangu vimeshafungwa.

Hapo ndipo Mzee Zabron alipoinuka upande wa magharibi. Ana miaka themanini na kitu, alipiga brashi na babu yangu, na masikio yake yaliishia kwenye mashine. Jirani yake alikuwa anampigia kelele sikioni, anamtafsiria mkutano.

"Kitovu?" Mzee Zabron akauliza. "Wanagombana kwa kitovu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi na mimi nifukuzeni." Akaanza kushuka, ngazi moja moja, na fimbo yake. Watu wote elfu kasoro kidogo wakamsubiri. "Mmechimba nyuma ya goli tu? Mbona mmechoka mapema? Chimbeni na pale kwenye bendera ya kona. Mtakuta wanangu sita."

Hakuna aliyecheka.

"Nyumba za kambi zilikuwa za shamba," akaendelea. "Ukifukuzwa kazi leo, jioni unatoka na sufuria yako. Utazika kitovu cha mwanao kwenye nyumba ya mtu? Huku kwenye mpira nyapara hakuwa na amri. Tukawa tunakuja Jumapili, mtu anajifanya anatafuta mpira uliopotea, kumbe ana kijifurushi mfukoni. Wabena, Waha, Warundi, Wamakonde. Mnayoyakanyaga humo ndani ni matumbo ya mama zenu."

Akageuka kwa Tahiri.

"Wewe baba yako alikuwa karani wa mzani, alijiona mtu wa ofisini. Lakini alikuja na wewe hapa kama sisi. Cha kwako kipo kona ile ya kulia. Ndiyo maana ulipokuwa unacheza hukuweza kupiga kona hata moja. Ulikuwa unaona haya kujipiga teke."

Jukwaa lote likapasuka, mashariki, magharibi, hata wa kivulini. Tahiri mwenyewe alijaribu kununa ikamshinda, akafuta macho kwa leso.

Na mimi nililia, jamani. Miezi yote hii nililala juu ya ardhi ile nikidhani mwanangu ndiye peke yake aliyezikwa kitovu mahali pasipokuwa pake. Kumbe alikuwa kati ya watu. Nilimshusha Precious mgongoni, nikamsimamisha kwenye majani, kwa mara ya kwanza bila kuogopa mtu.

Mtu wa mashariki akasema, "Arudishiwe kopo lake azike." Mwingine akasema, "Na Bi Mwatima apewe meza mpya." Bi Mwatima akasema yeye meza haitaki, anataka aliyeisukuma aje kuinua karai, na aliyeisukuma akaonekana anajificha nyuma ya mkewe.

Nilihesabu ule kuwa mwisho mzuri. Wewe unayenifuata tangu sehemu ya kwanza umeshanijua, mimi hufurahi mapema.

Fundi akafumbua macho.

"Mlisema litafunguliwa mbele ya wanachama," akasema. "Lifunguliwe basi. Mimi nimeambiwa jina langu limeharibika hapa. Tuone."

"Hakuna haja," Tahiri akasema.

"Ipo haja," nikasema mimi mwenyewe. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilitaka waone kile kibanio cha bluu, waone nilisema kweli.

Tahiri akafungua fundo la kanga. Akazungusha kifuniko. Akainamisha kopo juu ya karatasi.

Kikadondoka kibanio cha bluu, na kile kijipande cheusi kilichokauka kama karafuu.

Halafu kikadondoka kibanio cheupe.

Chenye kitovu chake. Hakijakauka vizuri.

Tahiri akatazama karatasi, akanitazama mimi, akatazama tena karatasi. Kicheko kilizimika safu kwa safu, kama taa za mtaa umeme unapokatika.

"Mama Precious. Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Hapa naona wawili."

"Wa bluu ndiye wangu. Huyo mwingine..."

"Hiki hakijamaliza wiki mbili," fundi akasema, akanusa hewa kama anayeonja mchuzi. Sura yake ilikuwa imerudiwa na raha. "Kimeletwa juzi tu. Mlifungwa lini mara ya mwisho?"

Walifungwa Jumamosi.

"Nani mwingine alijua mahali lilipo kopo?" Tahiri akauliza. Hakuuliza kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Ulipokizika ulikuwa na nani?"

Hapo niliona yote kwa mara moja, kama mtu anayewashiwa taa akiwa anavaa.

Hosea ana mtoto mwingine. Nikahesabu miezi, na hesabu yake ilikuwa nyepesi hata kwa asiyesoma jioni. Aliondoka hapa miezi kumi iliyopita. Mtoto huyo alianza safari kabla begi la baba yake halijafunguliwa huko Moshi.

Na alikuja. Alipita kwenye waya hizi, akapiga magoti nyuma ya goli, akafukua, akafunga kanga yangu kama nilivyoifunga. Mlango wangu upo hatua arobaini. Hakubisha.

Sijui kipi kiliniuma zaidi, kwamba ana mwingine, au kwamba alikuja na hakubisha. Na katikati ya uchungu huo wazo likapenya, sijui lilipitia wapi: Precious ana ndugu. Kumbe Hosea naye hana kwao kwingine. Kati ya nchi yote hii alimleta mwanawe kumlaza na wangu.

"Mama Precious, tunakusubiri."

Keshokutwa yake ilikuwa Jumamosi. Unajua nani alikuwa anakuja kucheza na Brashi Jumamosi? Kilele ya Moshi. Na unajua nani anasimama golini kwa Kilele.

Nikiwatajia vijana hawa jina la kipa wa wapinzani, kwamba aliingia humu kwa kificho akafukua goli letu, hakuna Mzee Zabron atakayewatuliza. Hosea asingeshuka kwenye basi lake akiwa mzima.

Nisipomtaja, nimedanganya mkutano, na mimi na mtoto tunatoka leo.

"Nilikuwa peke yangu," nikasema.

"Peke yako."

"Ndiyo."

Tahiri akakunja karatasi taratibu, vitovu viwili ndani yake. "Binti," akasema, "dakika tano zilizopita nilikuwa tayari kukupa chumba kile uishi mpaka uchoke. Babu yako alikuwa rafiki wa baba yangu. Sasa unanitazama machoni unaniambia kitovu kimejizaa chenyewe kwenye kopo. Kakusanye vitu vyako. Ukikumbuka jina kabla ya magharibi, njoo uniambie."

Hakuna aliyepinga. Hata Mzee Zabron; jirani yake, aliyeshuka naye, alikuwa bado anamtafsiria.

Nikainama kumchukua Precious. Hakuwepo miguuni pangu. Alikuwa amekwenda kwa Bi Mwatima, ameshika upindo wa kanga yake kwa mikono miwili, kama afanyavyo siku zote za darasa.

Bi Mwatima alimwinua, akamweka kiunoni.

"Mwenyekiti," akasema, "uliniuliza namficha nani, nikanyamaza. Niulize tena."

Tahiri akamgeukia. "Unamjua aliyefukua?"

"Namjua. Alikula mihogo yangu misimu miwili. Alhamisi iliyopita, mwenzangu huyu yuko darasani, alikuja akasimama mbele ya meza yangu, na mtoto huyu nimempakata hivi hivi. Akaomba amshike. Nikampa. Kisha akaelekea nyuma ya goli la kaskazini."

Akaacha kumtazama Tahiri. Akanigeukia mimi, mimi niliyeshusha pazia, na macho yake hayakuwa na hasira wala huruma niliyoweza kuisoma.

"Nimseme, Kristina," akaniuliza mbele ya watu wote, "au nisimseme?"